Mkufu wa Silabi: Mchezo wa Wajapani Tulio Nao Nyumbani

Kibera, Raila, Laini Saba, Bahati. Mwanafunzi wa Nairobi akisikia majina haya manne hudhani anatajiwa vituo vya matatu. Na ayatazame tena. Kibera limekoma kwa "ra", na Raila, jina la kijiji kimojawapo cha humo humo Kibera, limeanza kwa "ra". Raila limekoma kwa "la", na Laini Saba limeanza kwa "la". Saba limetuachia "ba", na Bahati, mtaa wa mashariki mwa jiji, umeipokea. Huo ni mkufu, na kila pete imeshika mkia wa mwenziwe.

Wajapani wana mchezo wa namna hii uitwao shiritori, maana yake kuchukua mkia. Mmoja hutaja neno, na anayefuata sharti ataje neno linaloanza kwa silabi iliyomalizia lile la kwanza. Anayerudia neno lililokwisha kutajwa ameshindwa. Anayetaja neno linalokoma kwa "n" ameshindwa pia, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanza kwa sauti hiyo ikisimama peke yake, na hivyo mkufu hukatika mikononi mwake.

Mchezo huo wameuingiza katika karaoke. Karaoke ni mtindo wa kuimba juu ya muziki usio na mwimbaji. Neno lenyewe limeundwa kwa "kara", yaani tupu, na "oke", ufupisho wa "okesutora", ambalo ni okestra iliyovalishwa irabu za Kijapani. Mpiga muziki mmoja wa Kobe, Daisuke Inoue, alianza kukodisha mashine za namna hiyo mwaka 1971. Hakuisajili hataza, na utajiri ukawaendea wengine. Marafiki wanapokutana mbele ya mashine hiyo, huweza kukubaliana kwamba kila wimbo uanze pale jina la wimbo uliotangulia lilipokoma.

Tuchukue mfano. Kuna wimbo "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, ambao mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani ukiwa umeimbwa kwa Kijapani. Sauti ndefu ya mwisho huandikwa kwa alama ya "u", kwa hiyo wa pili aweza kuimba "Umi", wimbo wa watoto kuhusu bahari. Wa tatu huimba "Mikan no Hana Saku Oka", wa nne "Kagome Kagome", na wa tano "Medaka no Gakkō", wimbo wa shule ya visamaki. Huo nao huandikwa kwa "u" mwishoni, na duara limefungika pale lilipoanzia.

Msomaji ataniuliza: haya yanamhusu nini mwalimu wa Laini Saba? Yanamhusu sana. Mchezo huu hustawi katika lugha ambayo silabi zake nyingi hukoma kwa irabu. Kijapani ni lugha ya namna hiyo, na Kiswahili kinakizidi. Maneno yetu hufungwa kwa irabu karibu yote, na hata ya kukopa huvalishwa irabu kabla ya kukaribishwa: basi, shati, laini. Tazama jinsi ng'ombe inavyoita mbegu, mbegu ikaita gunia, gunia ikaita asali, asali ikaita limau, limau likaita ukuta. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuufuata mkufu huu bila kitabu mkononi.

Tena si jambo la kuletewa kwa meli. Watoto wa Waswahili wa pwani walikuwa na kinyume, usemi wa siri ambamo silabi ya mwisho huhamishwa mwanzoni, nyumba ikawa "mbanyu". Watunzi wa mashairi nao wana bahari ya pindu, ambayo wengine huiita mkufu au nyoka. Humo, kifungu kinachomaliza ubeti mmoja ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Tuseme ubeti umemalizika hivi: "Mwana wetu tumlee, elimu kwake ni taa." Ubeti wa pili hauna budi kuanza: "Elimu kwake ni taa, imulike kila njia." Lililo mkia limekuwa kichwa. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao, na huu ndio mbachao wenyewe.

Hapa ndipo penye uchungu. Mwanafunzi wa shule ya upili hukariri kwamba pindu ni shairi la namna fulani, akaandika hivyo katika mtihani na kupewa alama yake. Akiambiwa atunge beti mbili tu za pindu, kalamu humganda mkononi. Amejifunza jina la chombo pasipo kukipanda. Mizani kwake ni hesabu ya vidole, vina ni herufi za kupigia mstari, na ushairi ni sehemu ya karatasi ya kuruka mpaka dakika za mwisho. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi nchini Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, lakini ulazima haujazaa mapenzi.

Mtoto huyo huyo, akitoka darasani, anazo nyimbo nyingi kifuani. Ameziokota katika matatu, kanisani, msikitini, redioni na katika michezo ya kamba. Anajua wapi sauti hupanda na wapi pumzi hukatwa, na mstari ukizidishwa silabi moja sikio lake hukataa. Huyo ndiye tunayemwandikia katika ripoti kwamba ni dhaifu katika Kiswahili, eti kwa sababu anazungumza Sheng. Udhaifu uko katika daraja kati ya kifua chake na daftari lake, na kulijenga daraja hilo ni kazi yetu sisi walimu.

Laini Saba na vijiji jirani vya Kibera vina shule nyingi zilizoanzishwa na jamii zenyewe, baadhi zikiwa za mabati, ambako vifaa ni haba na madarasa hujaa. Hakuna atakayezinunulia mashine ya karaoke, wala hazina haja nayo. Mkufu wa silabi hautaki umeme wala fedha.

Napendekeza kanuni chache. Tuanze na maneno, na yawe nomino tupu. Tukiruhusu vitenzi mchezo utakosa ladha, kwa kuwa viambishi ni-, u-, a-, tu- na wa- vitamwokoa kila aliyekwama. Aliyetaja "chafya" amemtega mwenziwe, maana kupata nomino inayoanza kwa "fya" si kazi ndogo, na hapo ndipo kamusi itakapofunguliwa kwa hamu. Baadaye tuingie katika nyimbo. "Malaika" ikimalizwa, "ka" huita "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe. "Shauri Yako" ikiimbwa, "ko" huita "Kothbiro" ya Ayub Ogada. Huu wa mwisho ni wa Kijaluo, nami nasema uruhusiwe, na za Kikamba, Kiluhya na Kinubi pia, kwa sharti kwamba mwimbaji awafasirie wenziwe jina lake kwa Kiswahili. Hatua ya tatu iwe kutunga: kila mwanafunzi aandike ubeti mmoja unaoanza kwa maneno yaliyomaliza ubeti wa jirani yake. Ikifika hapo, darasa zima litakuwa limetunga pindu kabla ya kuambiwa inaitwaje.

Najua yatakayosemwa. Kuna watakaosema kwamba kuta za mabati hazizuii sauti, na darasa likiimba, la jirani halitasoma. Ni kweli, kwa hiyo mchezo wa maneno na uchezwe kwa karatasi inayopitishwa kimya kutoka dawati hadi dawati, na nyimbo zingoje uwanja wa nje. Wengine watasema nyimbo za siku hizi zina matusi. Darasa lenyewe liwekewe sheria kwamba wimbo usioweza kuimbwa mbele ya mzazi hukata mkufu, na aliyeuleta amepoteza zamu. Wengine watasema mtihani u karibu na michezo ni upotevu wa wakati. Hao nawauliza: ni saa ngapi tumetumia kuwakaririsha wanafunzi maana ya mizani, na ni wangapi kati yao wanaoweza leo kutunga mshororo mmoja wenye silabi kumi na sita?

Wajapani hawakuona haya kuuchukua mchezo wa watoto wao na kuuingiza katika burudani ya watu wazima. Sisi tuna lugha inayoufaa zaidi, tuna pindu iliyoachwa na malenga, na tuna watoto wenye nyimbo tele. Walimu wenzangu, tengeni kipindi kimoja muhula huu, hata kama ni kile cha mwisho siku ya Ijumaa, mfundishe pindu kwa midomo kabla ya kuiandika ubaoni. Nanyi wanafunzi, msimngoje mwalimu. Safari ya kutoka shuleni hadi nyumbani yatosha kwa pete thelathini.