Kifaa Kikinyamaza Tunduma, Usiulaumu Mtandao Tu

Lori la transiti likifika Tunduma na kifaa chake kikaacha kutuma taarifa za mahali lilipo, lawama ya kwanza huangukia mtandao. Si ajabu: mpakani na Nakonde vifaa hudaka minara ya Zambia, na laini isiyo na romingi hukatika. Lakini kukatika huko huacha alama, kwa kuwa baada ya muda seva huona kifaa kimetoka. Kimya cha kutiliwa shaka ni cha kifaa kilichounganishwa vizuri huku ujumbe wake haufiki. MQTT, lugha ya vifaa iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta, hupanga ujumbe kwa mada, na kila kifaa huweza kuwekewa ruhusa ya mada zake. Katika toleo la 3.1.1, seva inayokataa ujumbe haina njia ya kumwambia mtumaji: huitikia kana kwamba mambo ni shwari, au hukata muunganisho. Na mada "lori/Tunduma" si "lori/tunduma"; herufi moja kubwa yatosha kulipoteza lori kwenye skrini.

Wapo watakaosema, basi kila kifaa kifunguliwe mada zote, yaishe. Yataisha kweli, pamoja na siri: atakayeiba nywila ya kifaa kimoja ataona kila lori lilipo, hata kutuma taarifa za uongo. Afadhali toleo la 5 la mwaka 2019, ambalo huweza kujibu kwa namba 135, yaani huna ruhusa, mradi mtumaji ameomba uthibitisho. Fundi, kabla hujabadilisha laini, soma kwanza kumbukumbu za seva.