Ishara za Wakati kwa Meli: Juu ya Saa, Dakika na Nukta

Miongoni mwa maandishi yanayomtaabisha mfasiri wa Kiswahili ni yale yahusuyo ishara za wakati zinazopelekwa kwa redio kwa meli zilizo baharini. Taabu hiyo haitokani na uhaba wa maneno. Maneno tunayo, tena ya zamani: saa, dakika, nukta, majira. Taabu ni kwamba kila moja hubeba maana mbili au zaidi. Nchi kavu jambo hilo halimdhuru mtu, lakini baharini huweza kuipeleka meli mwambani.

Kabla ya kuyajadili maneno, yafaa tuelewe kazi ya ishara zenyewe. Nahodha aliye mbali na pwani, asiye na chombo kingine cha kumwonyesha alipo, hupima kwa sekstanti kimo cha jua au nyota juu ya upeo wa macho. Kimo cha jua la adhuhuri humpa latitudo bila shida kubwa. Longitudo haipatikani hivyo, maana dunia inazunguka, na lazima ajue kipimo kilifanywa wakati gani hasa kwa saa ya Greenwich. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Kwa hiyo kosa la sekunde 4 katika saa ya melini huisogeza meli, katika hesabu, kwa maili moja ya baharini kwenye Ikweta, yaani mita 1,852. Kosa la dakika moja ni maili 15, karibu kilomita 28, nazo ni sehemu kubwa ya upana wa bahari iliyo kati ya Unguja na mrima.

Ndiyo maana manahodha walikuwa wakiisahihisha kronometa kila walipopata nafasi. Tangu mwaka 1833 tufe kubwa lilikuwa likiangushwa juu ya jengo la Greenwich kila siku, saa saba kamili mchana, ili meli zilizo mtoni Thames zilione; na hata leo huangushwa. Lakini tufe huonwa na aliye bandarini tu. Redio iliondoa kikwazo hicho: jeshi la majini la Marekani lilianza kupeleka ishara za wakati kwa redio mwaka 1904, na mnara wa Eiffel mjini Paris ukafuata mwaka 1910. Mwaka 1924 BBC ilianza kutangaza ile milio sita ambayo wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki waliizoea.

Sasa tuyatazame maneno.

Neno saa ni chombo, ni kipindi cha dakika 60, tena ni jina la wakati fulani wa siku. Wafasiri wengine huandika "ishara ya saa". Kwa milio inayotolewa mwanzoni mwa saa, jina hilo halina ubaya. Lakini kituo cha WWV kilichoko Fort Collins, Marekani, hupiga karibu kila sekunde, mchana na usiku, na kuita "ya saa" ishara ya namna hiyo ni kumpotosha msomaji. Twapendekeza ishara ya wakati. Yuko aliyependekeza "ishara ya majira", kwa kuwa neno hilo lina harufu ya bahari. Harufu hiyo ndiyo inayolikataza: kwa mabaharia wetu majira ni njia ya chombo, ile inayoshikwa kwa dira.

Nukta ni neno zuri, na wapo walimu wanaolipendelea kuliko sekunde. Kwa mambo ya shuleni hatuna ugomvi nao. Lakini ishara nyingi za zamani zilipelekwa kwa nukta na vistari vya simu ya upepo, na mwanafunzi anayeambiwa asikilize "nukta ya mwisho" hana njia ya kujua kama anaambiwa habari ya mlio au ya muda. Katika maandishi ya ubaharia, basi, nukta iwe mlio mfupi, na sekunde iwe kipimo cha wakati.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika dakika. Saa hugawanywa kwa dakika 60, na kila moja ya nyuzi za pembe hali kadhalika. Lakini dakika moja ya wakati ni sawa na dakika 15 za pembe. Sentensi isemayo "kosa la dakika moja" inaweza kuwa na maana ya maili moja au ya maili kumi na tano. Hapa ufupi si sifa: iandikwe dakika ya wakati na dakika ya pembe, kila mara, hata ikimchosha msomaji.

Liko na suala la kuhesabu saa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, katika rasimu ya orodha ya istilahi za ubaharia niliyopewa kuihariri, niliandika "saa tatu asubuhi" mahali palipokuwa na 0900 UTC. Mkono uliandika kwa mazoea. Saa tisa ya Greenwich kwetu ni saa sita mchana. Na mtu akiisoma "saa 9" kwa desturi yetu, ataelewa saa tisa alasiri. Hapo pana nyakati tatu kutokana na tarakimu moja! Hesabu yetu inayoanzia mawio haina kasoro, na hapa karibu na Ikweta ina mantiki kuliko ile ya kuanzia usiku wa manane. Lakini haifai katika ilani za meli. Humo tarakimu nne zibaki kama zilivyo, pamoja na herufi UTC, na ufafanuzi wa saa zetu ufuate katika mabano pale inapolazimu.

Wafasiri wa maelezo ya milio sita waangalie pia jambo dogo. Mlio wa sita ni mrefu, nusu sekunde, na saa mpya huanza mlio huo unapoanza, wala si unapokwisha. Nusu sekunde kwenye Ikweta ni zaidi ya mita 230.

Huenda msomaji akauliza kama haya yote yana faida, ilhali meli za leo hupata mahali na wakati kutoka kwenye setilaiti. Mwaka 2017 meli kadhaa katika Bahari Nyeusi zilionyeshwa na vyombo vyao kuwa ziko mahali ambapo hazikuwapo. Na mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, bado unawataka maafisa wa meli wajue kutafuta mahali kwa jua na nyota. Vitabu vya mafunzo hayo vitahitaji kufasiriwa.

Istilahi moja bado inatusumbua. Saa za atomu na mzunguko wa dunia havilingani daima, na tangu mwaka 1972 tofauti imezuiwa isipite sekunde 0.9 kwa kuongeza sekunde nzima inapobidi. Ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2016. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku, tarehe 1 Januari 2017. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba kikomo hicho kipanuliwe kabla ya kufika au ifikapo mwaka 2035. Twaiita sekunde ya nyongeza. Wengine wasema sekunde ruka, kwa kuiga lugha za kigeni, ingawa hakuna kinachorukwa. Tunawaomba walimu wa hisabati na wa jiografia watuandikie maoni yao.