Punda akifa, mzigo haufiki

Punda afe, mzigo ufike. Masokoni msemo huo husemwa kwa kicheko, jua linapokuwa kali, gunia halijafika na mteja amepiga simu mara tatu. Anayeusema hamaanishi mnyama afe kweli. Anamaanisha kazi ikamilike kwa vyovyote vile.

Lakini tangu mwaka 2016 punda wa Afrika Mashariki wamekufa kweli, tena kwa mamia ya maelfu, na si kwa uzito wa mzigo bali kwa ajili ya ngozi zao. Mizigo waliyokuwa wakibeba imehamia vichwani na migongoni mwa akina mama na watoto, au kwenye bodaboda zinazodai nauli taslimu. Biashara iliyowamaliza ilivuka mipaka kwa urahisi kuliko sheria zilizotungwa kuizuia. Kwa sababu hiyo habari ya punda inamhusu kila anayefanya biashara mpakani, hata yule ambaye hajawahi kumiliki hata mmoja.

Kilomita za kwanza ni zake

Pale Namanga, tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, lori linalotoka Arusha kwenda Nairobi hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hilo limepunguza foleni na usumbufu wa kukaguliwa mara mbili. Lakini gunia la maharage halianzii safari kwenye lami. Linatoka shambani au bomani, kwenye njia ambazo gari haliingii wakati wa mvua, na huko mchukuzi ni punda.

Kwa Wamasai wa Longido na Kajiado, mali ya kujivunia ni ng'ombe, na mwenye sauti juu ya ng'ombe ni mwanamume. Punda, ambaye wao humwita osikiria, kwa kiasi kikubwa yuko mikononi mwa mwanamke. Mwanamke ndiye anayemfunga mizigo, ndiye anayejua yupi hupenda kutangulia njiani na yupi husita mbele ya korongo lenye maji. Siku za kawaida punda hubeba maji na kuni. Siku ya mnada hubeba mahindi kwenda na unga na sukari kurudi. Boma linapohama, hubeba vyombo vya nyumba nzima.

Kwingineko hali ni hiyo hiyo. Mwea, katika mashamba ya mpunga ya Kenya, mikokoteni ya punda husomba mavuno kutoka shambani. Katika mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba gari halina pa kupita. Mchanga, saruji na mawe ya kujengea hupita kwenye shogi, ile mifuko miwili inayoning'inia ubavuni mwa punda. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilianzisha huko huduma ya kuwatibu punda bila malipo, na mbio za punda ni moja ya shughuli zinazokusanya watu wengi kisiwani wakati wa sikukuu.

Undugu huu ni wa zamani kuliko mipaka yenyewe. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki takriban miaka 7,000 iliyopita, kisha akasambaa duniani. Ng'ombe na ngamia wana asili nyingine, lakini punda ni mnyama wa hapa hapa.

Dawa ya mbali, ngozi ya hapa

Kilichobadilisha maisha ya punda kilitoka China. Huko kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda hadi itoe ute mzito kama gundi. Imetumika kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa kwa imani kwamba inaongeza damu. Zamani ilikuwa ya matajiri. Kipato cha wananchi wa China kilipopanda, wateja wakaongezeka, na punda wa China wenyewe, waliokuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapungua hadi chini ya milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika.

Kenya ikafungua mlango. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yenye leseni yalianza kazi, na yakafikia manne: Mogotio katika Kaunti ya Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos. Nyama haikuwa lengo kuu, kwa maana jamii nyingi za eneo hili hazili punda. Kwa Waislamu ni haramu, na wanaomla kwa mazoea, kama Waturkana, ni wachache. Fedha ilikuwa kwenye ngozi.

Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ilifanya hesabu iliyowashtua wengi. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, machinjio hayo yalichinja punda 301,977. Kila mwaka takriban asilimia 5 ya punda wa nchi walikuwa wakichinjwa, huku wanaoongezeka wakiwa kama asilimia 1 tu. Taasisi hiyo ikaonya kwamba kwa mwendo huo Kenya ingebaki bila punda ifikapo mwaka 2023. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta karibu milioni 1.2.

Hapa ndipo punda anapotofautiana na mbuzi au kuku. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo huhitaji miaka kama mitatu au minne kabla ya kufaa kubeba mzigo. Anayechinja punda leo anahitaji karibu miaka mitano kumpata wa kuziba nafasi yake. Hakuna mfugaji aliyeweza kuzalisha punda kwa kasi ya machinjio, na punda walipokosekana sokoni, wakaanza kutafutwa mahali pengine.

Pengo kati ya sheria mbili

Mahali pengine palikuwa zizini kwa majirani. Wizi wa punda ulienea nchini Kenya. Watu waliamka asubuhi na kukuta zizi tupu, na vichakani kukapatikana mizoga iliyochunwa ngozi tu. Februari 2020 wenye punda waliandamana Nairobi kudai machinjio yafungwe.

Mipaka nayo ikachangia. Ethiopia, nchi yenye punda wengi kuliko zote duniani, ilifunga machinjio ya Bishoftu mwaka 2017 baada ya wananchi kulalamika. Tanzania, iliyokuwa na machinjio mawili Dodoma na Shinyanga, nayo ilianza kubana biashara hiyo. Lakini Kenya ilikuwa wazi, na bei ilikuwa nzuri. Punda wakaswagwa usiku kwa njia za panya kutoka pande zote mbili. Mnyama aliyelindwa na sheria asubuhi aligeuka bidhaa halali jioni, baada ya kutembea saa chache tu.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua hali hii. Sukari ikiwa na kodi ndogo upande mmoja, itavuka. Mahindi yakizuiwa kuuzwa nje, yatapita vichochoroni. Tofauti ni kwamba gunia la sukari lililopita njia ya panya hurudishwa ghalani kwa msimu mmoja, ilhali punda aliyepita njia hiyo huacha pengo la miaka mitano katika nyumba alimotoka.

Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo baada ya wenye machinjio kwenda kortini. Mwaka 2022 Tanzania ikasitisha uchinjaji kwa miaka 10. Ikadhihirika kwamba nchi moja haiwezi kumlinda punda peke yake, kwa sababu punda ana miguu na walanguzi wana simu.

Desemba mwaka huo huo wataalamu na viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kumjadili punda. Mjadala ukapanda hadi Addis Ababa, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima kwa miaka 15. Ni nadra kwa mnyama wa mizigo kufika kwenye meza hiyo.

Uamuzi wa Addis Ababa, hata hivyo, haumkamati mtu Namanga wala Moyale. Unaomkamata ni sheria ya nchi, ofisa wa mifugo na polisi wa mpakani. Iwapo nchi moja itaandika sheria yake na jirani asiandike, njia zile zile za usiku zitafunguka tena.

Hesabu ya mwenye punda

Wako waliouza kwa hiari, na hawapaswi kulaumiwa bila kusikilizwa. Ada ya shule inapodaiwa na mnunuzi amesimama mlangoni na fedha taslimu, punda huonekana kama akiba iliyosimama kwa miguu minne. Hesabu kamili huja baadaye.

Chukua mfano wa mama mchuuzi upande wa Kenya anayemuuza punda wake kwa Sh15,000. Siku mbili za soko kila wiki sasa anamlipa bodaboda Sh200 kubeba magunia yake. Hiyo ni Sh400 kwa wiki. Kabla ya miezi 9 kwisha, bei yote ya punda imeishia kwenye nauli, na maji ya nyumbani bado hayajachotwa. Punda anayetunzwa vizuri angemfanyia kazi hiyo miaka 10 na zaidi, kwa majani na maji.

Tena gharama haibebwi na mama peke yake. Binti anayeachiwa dumu la maji la lita 20 huchelewa darasani. Mnunuzi wa jumla anayesubiri maharage mpakani hupata magunia machache na kwa bei ya juu. Mwenye lori hujaza nusu. Punda mmoja aliyepotea kijijini huonekana kwenye risiti za watu ambao hawakuwahi kumwona.

Punda mwenye karatasi

Kwa mfanyabiashara yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, hata kabla ya serikali kumaliza kazi yao.

La kwanza ni kutonunua punda asiye na mwenyewe. Punda wa halali huuzwa mchana, mnadani, mbele ya mashahidi, na muuzaji anaweza kuonyesha barua ya mtendaji wa kijiji au chifu. Anayeuzwa usiku kwa bei ya kutupa, au aliyekatwa masikio ili alama zake zipotee, ni wa wizi, na anayempokea anaweza kuunganishwa kwenye kesi.

La pili ni kukumbuka kwamba utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, ule unaomwezesha mchuuzi kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasilia, haufuti ukaguzi wa afya. Mnyama hai na ngozi mbichi bado vinahitaji vibali vya ofisi za mifugo. Anayeombwa kupenyeza furushi la ngozi katikati ya mzigo wake wa mitumba anaweza kupoteza mzigo wote.

La tatu ni utunzaji. Punda wa eneo hili wengi ni wadogo, na wataalamu hushauri mzigo wa mgongoni usizidi takriban theluthi moja ya uzito wake. Mzigo usawazishwe pande zote mbili, na chini yake uwekwe nguo nene au gunia laini. Kamba ya nailoni hukata ngozi. Mkanda mpana haukati. Kwato zichongwe zinaporefuka. Punda apewe maji kabla ya safari na baada yake, kwa sababu huvumilia kiu na maumivu bila kelele, na mwenyewe hugundua akiwa ameshachelewa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama zinamtambua punda kama zinavyowatambua wanyama wengine, na kumpiga hadi kidonda ni kosa pande zote mbili za mpaka.

Methali inasema asante ya punda ni mateke. Watu waliofanya kazi naye kwa miaka mingi huona vingine. Punda huikariri njia kiasi cha kurudi nyumbani bila kuongozwa, husimama mbele ya daraja bovu kabla ya mtu kuliona, na hugoma mzigo unapozidi. Kugoma huko ndiko kulikompa sifa ya ukaidi. Mfanyabiashara mwenye busara akimwona punda wake amesimama na kukataa kusonga, kabla ya kuokota fimbo hukagua kamba, mgongo na kwato, kisha huhesabu upya magunia.