Sigara Chache pia Huumiza Moyo

Wengi wanaovuta sigara katika kaunti za Kisii na Nyamira hununua mojamoja kibandani: moja baada ya chai ya asubuhi, nyingine jioni wakitoka shambani au katika soko la Daraja Mbili. Ukiwauliza, watakuambia kuwa wao si wavutaji hasa, kwani hawamalizi pakiti. Je, moyo nao huhesabu hivyo?

La. Mwaka wa 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchunguzi uliojumlisha matokeo ya tafiti 141. Ilibainika kuwa anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayobeba mtu avutaye sigara 20. Kwa saratani ya mapafu, kupunguza sigara hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Kwa moyo sivyo.

Moshi hufanya nini?

Moyo ni pampu ya msuli, na msuli huo hulishwa na mishipa yake wenyewe ya damu. Unapovuta sigara, mambo matatu hutokea.

Kwanza, nikotini huuchochea mwili kutoa adrenalini. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Pili, gesi ya kaboni monoksaidi iliyo katika moshi hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hivyo basi moyo hufanya kazi nyingi huku ukipata oksijeni kidogo. Tatu, sumu za moshi hujeruhi utando laini ulio ndani ya mishipa, na damu huwa rahisi kuganda. Hili la tatu halihitaji moshi mwingi.

Miaka inapopita, mafuta hujikusanya penye majeraha hayo na mishipa huwa myembamba. Siku moja, damu iliyoganda huziba mshipa, na sehemu ya msuli wa moyo hufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mtu akinusurika, huenda akabaki na moyo dhaifu: miguu huvimba, na akilala chali hukosa pumzi.

Dalili za kutopuuza

Nchi yetu ni ya milima. Ukipanda kilima ukiwa na gunia la majani chai, kisha kifua kikabana na kikaachilia ukipumzika, usiseme ni uzee. Huenda ni moyo unaolalamika. Nenda ukapimwe kabla ya mambo kuharibika.

Lakini iwapo maumivu hayaishi ukipumzika, yakasambaa hadi mkono wa kushoto, shingo au taya, nawe unatokwa na jasho jembamba, usinywe dawa ya vidonda vya tumbo ukangoja asubuhi. Tafuta gari mara moja, ufikishwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, Hospitali ya Rufaa ya Nyamira au hospitali yoyote iliyo karibu. Kila saa inayopotea ni msuli unaokufa.

Ufanye nini?

Acha kabisa, kupunguza hakutoshi. Chagua siku, waambie watu wa nyumbani, na usikae na wenzako wanapovuta. Ukishindwa mara ya kwanza, jaribu tena, na umwombe daktari wako msaada. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, lakini usimngoje askari akuokoe kutoka kwa mwenye kibanda.

Faida huja upesi. Katika siku chache ile gesi hutoka katika damu. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya maradhi ya moyo hushuka hadi karibu nusu. Hata aliyevuta kwa miaka 30 hufaidika. Kwa hivyo, ile moja ya jioni, ndugu msomaji, iache leo.