KARATASI MBILI JUU YA POMPI MOJA
Habari ya hatari inapaswa kuonekana na kila mutu: kazi ya mutandao wa ndani ya kampani



Siku hizi kampani nyingi zinatumia intraneti. Neno hilo si gumu. Ni mutandao wa ordinatere na telefone, uliofungwa ndani ya kampani. Watu wa kazi peke yao ndio wanaoingia, kila mumoja na neno lake la siri. Ndani yake mutu anasoma matangazo, anapata maagizo ya kazi, anaandika habari ya mashini iliyoharibika. Ekipi mbili zinazokaa mbali zinaweza kutumika pamoja juu ya karatasi moja.

Wengine wanasema: hiyo ni kazi ya watu wa biro, inatuhusu nini sisi wa mugodi? Inatuhusu sana. Musikilize mufano huu.

MAMBO YALIYOTOKEA PIPER ALPHA

Piper Alpha ilikuwa mutambo wa kutoa petroli na gazi, uliosimama juu ya miguu ya chuma katika Bahari ya Kaskazini, kilometa 190 hivi kutoka muji wa Aberdeen, Uingereza. Usiku wa tarehe 6 Mwezi wa 7, 1988, watu 226 walikuwa pale.

Kulikuwa pompi mbili za kusukuma mafuta mepesi yanayotoka katika gazi: pompi A na pompi B. Muchana ule pompi A ilikuwa imesimamishwa. Karatasi mbili za ruhusa ya kazi ziliandikwa. Ya kwanza ilisema pompi itatengenezwa. Kazi ile ilikuwa haijaanza. Ya pili ilisema kwamba kifaa chake cha usalama, kile kinachofunguka wakati nguvu ya gazi inazidi, kimeondolewa. Mahali pake paliwekwa kifuniko cha chuma tu, nacho hakikukazwa sawasawa. Saa kumi na mbili ya jioni ekipi zilipokezana kazi. Kifaa kilikuwa hakijarudishwa, na watu wa posti ya usiku hawakuambiwa.

Karibu saa nne kasoro robo ya usiku, pompi B ilisimama, ikakataa kuwaka. Watu wa usiku wakatafuta karatasi za pompi A. Waliona ile ya kwanza. Ya pili hawakuiona: ilikuwa imewekwa mahali pengine, wala hakuna kitu kilichoifunga pamoja na ile ya kwanza. Wakafikiri pompi A ni nzima. Wakaiwasha. Gazi ikatoka, na kufika saa nne mutambo ukapasuka kwa moto.

Watu 167 walikufa. Wawili kati yao walikuwa wamekuja na mashua kuokoa wengine. Watu 61 tu wa mutambo ule walibaki wazima.

Jaji Cullen alichunguza mambo yote, akatoa ripoti yake Mwezi wa 11, 1990, yenye mashauri 106. Alikuta makosa mengi. Kwa mufano, pompi za maji ya kuzima moto zilikuwa zimewekwa zisiwake zenyewe. Lakini mwanzo wa muzigo wote ulikuwa pale: karatasi za ruhusa, na namna ya kuachiana habari kati ya posti mbili.

Fikirini vizuri. Habari ile iliandikwa. Ilikuwapo. Lakini haikuwa mbele ya macho ya mutu aliyeihitaji.

NAMNA YA KUUJENGA

Ndiyo sababu mutandao wa kampani unapaswa kujengwa kwa kufuata kazi, si kwa kufuata biro. Kila mashini iwe na ukurasa wake, na namba yake. Mutu akiandika namba ya pompi, aone kila ruhusa iliyo wazi juu ya pompi ile: ya mutu wa umeme, ya fundi wa chuma, ya watu wa nje waliokuja kwa siku moja. Kama karatasi mbili zinahusu mashini moja, moja iite nyingine.

Wazo la kufunga karatasi pamoja namna hii lina muzee wake. Mwezi wa 3, 1989, Tim Berners-Lee, Muingereza aliyetumika kule CERN, karibu na Geneva, Uswisi, aliwaandikia wakubwa wake. Aliona kwamba watu wengi wanatumika pale muda mufupi, halafu wanaondoka na akili ya kazi inapotea pamoja nao. Kutokana na shauri lake kulizaliwa mutandao ambao leo dunia nzima inautumia. Ordinatere ya kwanza iliyotunza kurasa zile ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mukono, ya kukataza watu wasiizime. Basi tangu siku ya kwanza mutandao ulihitaji mulinzi.

KUUTUNZA NI KAZI YA KILA SIKU

Kujenga kunakwisha, kutunza hakukwishi. Ukurasa wa zamani ni hatari kama ngazi iliyooza: kwa macho inaonekana nzima. Musimamizi wa mutandao afuate mambo haya:

1. Kila ukurasa uwe na mwenyewe, na tarehe. Agizo lisilo na mwenyewe hakuna wa kulisahihisha.

2. Agizo jipya likitoka, la zamani liondolewe mbele ya watu, litunzwe kando. Yasionekane maagizo mawili yanayopingana.

3. Habari ya hatari isomwe na wote. Ruhusa ya kazi itiwe sahihi na mwenye madaraka peke yake. Habari ya ugonjwa, kama vile picha ya mapafu ya mutumikaji, ibaki kwa muganga na mugonjwa. Isiwe kitu cha kusomwa na jirani.

4. Mutu akiacha kazi ao akihama, mulango wake ufungwe siku ile ile.

5. Habari zote zinakiliwe, na nakala zitunzwe mahali pengine. Nakala ijaribiwe, kusudi ijulikane kama inafunguka kweli.

6. Umeme ukikatika, kazi isiwe gizani. Ruhusa zilizo wazi ziwe pia juu ya karatasi, katika chumba cha kuongozea mashini.

MUTUMIKAJI, KUMBUKA

Neno lako la siri ni sahihi yako. Ukimupa rafiki, ameweza kuandika kwa jina lako kwamba mashini ni salama.

Chini ya ardhi telefone mara nyingi haishiki. Shefu wa ekipi asome matangazo kabla ya kushuka, ayaeleze katika luga ambayo ekipi yote inasikia. Tangazo la Kifaransa ambalo nusu ya watu hawakulielewa halijatangazwa.

Mutandao hauondoi kinywa. Ukimwachia mwenzako kazi, musimame pamoja mbele ya mashini, umuonyeshe kwa kidole kitu ambacho hakijakwisha. Halafu andika. Na wewe unayeingia, usiwashe kitu kwa sababu tu hukuona karatasi ya kukukataza. Uliza.

Na ninyi mama: bwana akirudi na kukumbuka usiku kwamba kuna neno ambalo hakumwambia mwenzake, musimwambie alale tu. Apige telefone kwa shefu wa posti sasa hivi. Simu ya dakika mbili inaweza kumurudisha baba wa nyumba nyingine kwa watoto wake.