Sura ya 6: Usugu Huzaliwa Bandani

Kijenge, kama kwingine pembezoni mwa jiji la Arusha, nguruwe hufugwa uani, kwenye banda la mbao, wakilishwa pumba, mashudu na mabaki ya jikoni. Kipindi kigumu ni pale watoto wanapoachishwa kunyonya. Kinga ya maziwa ya mama inakoma, chakula kinabadilika ghafla, na baada ya siku chache wanaanza kuharisha. Mfugaji anakwenda duka la dawa za mifugo, ananunua antibayotiki ya oksitetrasaiklini na kuwachoma sindano mwenyewe. Wakipata nafuu kesho yake, dozi inaishia hapo na chupa inawekwa hadi wakati mwingine.

Tuingie ndani ya utumbo. Hali ikiwa nzuri, bakteria aina ya E. koli hugawanyika kila dakika 20. Kwa saa 8 mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Katika umati huo hutokea wachache ambao jeni zao zimebadilika kidogo, na dawa haiwaui. Dawa haikuwafundisha usugu. Imewaondolea tu washindani, nao wanabaki na utumbo mzima. Baya zaidi, jeni nyingi za usugu hukaa kwenye vipete vidogo vya DNA viitwavyo plazmidi, ambavyo bakteria hupeana, hata wa jamii tofauti.

Ndiyo maana usugu haubaki bandani. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, inayoshinda kolistini, dawa ya akiba kwa wagonjwa mahututi. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi na kwa wagonjwa hospitalini. Kwetu njia ziko wazi: mikono ya anayefagia banda, samadi bustanini, maji ya mvua yanayoshuka kutoka miteremko ya Meru hadi mitoni. Kitimoto ikiiva vizuri, bakteria hawa hufa. Hatari iko kwenye kisu na kibao vilivyotumika kukatia nyama mbichi, kisha vikatumika kukatia kachumbari.

Tiba ya kweli huanza kwa kuuliza nguruwe anaumwa nini. Homa ya nguruwe ya Afrika husababishwa na virusi, na hakuna antibayotiki inayoiponya. Kumchoma sindano ya antibayotiki nguruwe mwenye homa hiyo ni kupoteza fedha na kukuza usugu kwa pamoja. Kuharisha nako kunaweza kutokana na minyoo au chakula kilichochacha. Mwite daktari wa mifugo, naye akiona haja apeleke sampuli kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Arusha.

Denmark ilipofikia mwaka 2000 ilikuwa imeacha kuwapa nguruwe antibayotiki za kukuzia. Mwanzoni watoto walioachishwa waliharisha zaidi, wafugaji wakaboresha mabanda na malisho, na uzalishaji ukaendelea kukua. Mfugaji wa Kijenge naye anaweza: sakafu kavu, maji safi, sindano ya madini ya chuma kwa watoto wachanga, na chakula kibadilishwe polepole. Dawa ikilazimu, amalize dozi aliyoandikiwa, aandike tarehe, na asichinje kabla siku za kusubiri zilizotajwa kwenye chupa hazijaisha. Antibayotiki za bandani na za wodini ni za ukoo mmoja. Anayezitumia kwa uangalifu Kijenge anamlinda mtoto atakayelazwa kesho.