Kushona Buibui Nyumbani: Yanayotazamwa

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu.

Tumekuwa tukiulizwa, na zaidi Sikukuu inapokaribia, kuhusu mabinti wanaopelekwa kwa fundi mwanamme kupimwa mwili. Jawabu letu: haifai asiyekuwa maharimu yake amguse, hata ikiwa ni kwa ajili ya kumpima tu. Njia nyepesi ipo. Mpelekeeni fundi buibui la zamani linalomtosha liwe ndio kipimo, au mshone wenyewe nyumbani. Si kazi ya kuonewa haya, Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe.

Kitambaa kwanza. Tieni mkono ndani yake mbele ya dirisha. Rangi ya ngozi ikionekana, hicho hakifai. Na kizito nacho huweza kuganda mwilini: Usama bin Zaid alipompa mkewe nguo nzito ya Kimisri, Mtume (s.a.w.) alitaka mwanamke yule avae nguo nyingine chini yake, isije ikaonesha umbo. Basi kateni kwa upana, na kiuno msikibane. Buibui la kufungua mbele lishonwe hadi chini, au litiwe vifungo vya karibu karibu. Upepo wa bandarini mnaujua.

Urefu una kipimo chake. Ummu Salama (r.a.) aliuliza kuhusu pindo, akaambiwa literemshwe shibiri, akasema miguu itaonekana, akaambiwa basi dhiraa, wala lisizidi.

Rangi nyeusi ni ada yetu, si sharti.

Wallahu aalam.